Mlima Elgon Kabla ya Uzio

Mwishoni mwa 1883 msafiri Mskoti Joseph Thomson alifika kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Elgon, akakuta mapango makubwa yenye watu ndani. Hawakuwa wamekimbilia humo kwa siku mbili tatu. Walikuwa wamejenga vibanda mle, wakaweka akiba ya nafaka, wakalaza ng'ombe wao, na mdomo wa pango wakauziba kwa magogo. Thomson aliuliza nani aliyeyachimba. Akajibiwa kwamba ni kazi ya Mungu, maana wao kwa vifaa vyao wasingeiweza kazi kama ile. Jibu halikumridhisha. Katika kitabu alichokichapisha 1885 alikisia kwamba mapango yale yalichimbwa na watu wa kale wenye ustaarabu mkubwa, huenda Wamisri, waliokuja kutafuta mali ardhini. Hivyo basi, tangu maandishi ya mwanzo ya wageni juu ya mlima huu, familia zilizokuwa zikipika na kukamua ng'ombe mbele ya macho ya mwandishi zilionekana kama wapangaji tu katika nyumba ya mtu mwingine.

Leo mgeni anayeingia kwa lango la Chorlim, upande wa Endebess, hupelekwa kwenye pango la Kitum au Makingeny na kuelezwa habari za ndovu wanaoingia usiku kutafuta chumvi, habari za popo, na habari za ugonjwa. Yote hayo ni kweli na yanastahili kusimuliwa. Lakini anaweza kutoka pale bila kusikia neno lolote juu ya waliolala humo. Ninalotaka kulitetea ni kwamba mandhari ya Elgon, pamoja na vilima na mito ya Bungoma iliyo chini yake, haikuwahi kuwa maumbile matupu yanayongoja kutazamwa. Ilitengenezwa na makazi, malisho, vita na ibada, na kila mahali palipogeuzwa kivutio kwa kuwatenga wenyewe, kivutio chenyewe kilipungua.

Tuanze na mapango, kwa kuwa ndiyo yanayotajwa zaidi. Elgon ni volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita, na miamba yake ya majivu na mawe yaliyogandamana ni laini kuliko inavyoonekana. Ndani yake mna chumvi ambayo ndovu huifuata gizani, huku wakipapasa njia kwa mkonga, kisha huichokoa ukutani kwa pembe na kuitafuna pamoja na vipande vya mwamba. Kitum linaingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200, na kuta zake zimejaa michirizi ya pembe hizo. Chumvi hiyohiyo ndiyo iliyowafaa wafugaji, nao wakaichimba kwa ajili ya ng'ombe wao. Kwa hiyo Thomson alikosea kuwataja Wamisri, ila hakukosea alipohisi kwamba maumbile peke yake hayakutosha kueleza anachokiona. Pango lilikuwa ngome dhidi ya wavamizi, zizi lenye joto usiku wa baridi, na duka la chumvi. Serikali ya kikoloni ilipoimarika ikawataka wakaao mapangoni watoke wajenge nje, mahali ambapo vibanda vingehesabika na kodi ikakusanywa. Mbuga ya taifa yenye kilomita za mraba 169 ilipotangazwa 1968, mapango yaliyoingia ndani ya mpaka yalikuwa tayari yamenyamaza. Kisha ukaja mwaka 1980, na tena 1987, ambapo watu wawili waliokuwa wametembelea Kitum walikufa kwa homa ya Marburg. Tangu hapo jina la pango hilo likajulikana duniani kwa kifo, bila kujulikana kwa uhai uliotangulia.

Habari ya nyanda za juu za Chepkitale ni ndefu zaidi na ina maumivu zaidi. Huko juu ya msitu, kwenye mbuga za nyasi na lobelia kubwa, Waogiek walilisha mifugo, wakatundika mizinga na kuwinda. Jirani zao Wakony walikuwa na malisho mashariki mwa mlima pia, mpaka ardhi ya Trans Nzoia ilipogawiwa walowezi, kwanza kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kisha kwa wingi baada ya 1919, askari wa Uingereza walipopewa mashamba. Madai yao yalifika mbele ya Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, ambayo ripoti yake ilitoka 1934. Walichobakiwa nacho kilikuwa juu, kwenye baridi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Waogiek wakahamishiwa Chebyuk, chini zaidi, na mwaka 2000 Chepkitale ikatangazwa hifadhi ya wanyama. Vijitabu vya utalii huiita nyika isiyoguswa. Neno hilo ni dhuluma. Nyasi zilizolishwa na ng'ombe hubaki fupi na wazi, na zikiachwa, vichaka huanza kuzisogelea. Uwanda mpana unaomvutia mpanda mlima anayeelekea Koitoboss, kwenye mita 4,222, unaonyesha alama za kwato kwa yeyote anayejua kutazama malisho.

Hapa litatolewa pingamizi ambalo sitaki kulipita kwa haraka, kwa sababu lina uzito. Kama uzio usingewekwa, watu watasema, msitu wa Elgon ungekwisha. Miteremko ya chini ilivyokatwa na kulimwa ni ushahidi tosha, na Chebyuk penyewe, palipokuwa msitu, sasa ni mashamba. Nakubali kwamba ardhi isiyo na masharti huliwa. Lakini tuulize nani alikosa masharti. Ndani ya misitu ya serikali, ni serikali iliyong'oa miti ya asili ikapanda misonobari na misaipresi, huku wakulima wakiruhusiwa kupanda mahindi katikati ya miche mpaka ikue. Ndani ya mbuga yenye askari, ndovu waliuawa na majangili kwa wingi katika miaka ya 1970 na 1980. Waogiek waliorudi Chepkitale, kwa upande wao, wameandika kanuni za jamii zinazokataza kuchoma mkaa, na wazee wao huzisimamia. Tena kuwahamishia Chebyuk hakukuwa bure. Ugomvi wa kugawa viwanja huko ulizaa kundi la wapiganaji la Sabaot, ambalo kati ya 2006 na 2008 liliua, lilikata watu masikio na kuwafukuza maelfu makwao, mpaka jeshi likaingia Machi 2008 na operesheni ambayo nayo iliacha majeraha yake. Anayepima faida ya uzio lazima aiweke na hiyo kwenye mizani. Mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwamba Chepkitale ni ardhi ya jamii ya Waogiek.

Tukishuka bondeni, tunakuta jambo lilelile kwa sura nyingine. Juu ya mji wa Webuye umesimama mlima wa Chetambe, na chini yake mto Nzoia unaangukia kwenye maporomoko ya Nabuyole. Anayeyatazama kutoka barabara kuu ya kwenda Malaba huona jabali na maji. Lakini mwaka 1895 ofisa wa kikoloni Charles Hobley alikuja na askari Wasudani, wapiganaji wa Kiganda na bunduki ya Maxim, kulipiza kuuawa kwa askari waliokuwa wametumwa kuwadai Wabukusu, wenyeji wa hapo, bunduki. Akaivunja kwanza ngome ya Lumboka, kisha ya Chetambe, ambayo haikuwa na zaidi ya handaki, ukuta wa udongo na watu waliojifungia ndani pamoja na mifugo yao. Baada ya hapo maporomoko yakapewa jina la Mzungu, Broderick, na mji uliokua kando ya reli ukaitwa hivyo kwa miaka mingi kabla ya kurudia jina la Webuye. Katika miaka ya 1970 kikajengwa kiwanda cha karatasi cha Pan African. Moshi wake ulinuka mpaka vijiji vya mbali na ukala mabati ya nyumba za jirani yakatoboka. Kilipofungwa 2009 mji ulibaki na hewa safi na vijana wasio na kazi. Hayo yote yamo ndani ya mandhari ya Webuye kama yalivyomo maji. Mgeni asiyeambiwa atapiga picha na kuondoka, naye atakuwa ameona kidogo sana.

Wenyeji wao waliona zaidi, na hapa ndipo ninapojibu wanaosema kwamba Waafrika wa zamani walitumia mlima tu bila kuutazama, kwamba jicho la kustaajabia mandhari lililetwa na wageni. Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, aliyeichezea Kenya kandanda katika Kombe la Gossage mwaka 1930, aliwaongoza wafuasi wa Dini ya Msambwa kupanda Chetambe mwaka 1947 ili kuwaombea na kuwatambikia waliouawa 1895. Walikwenda mahali penyewe, kwenye handaki lilelile, miaka 52 baadaye. Wafuasi wake waliugeukia Mlima Elgon katika sala na kuuita Sayuni. Serikali ililielewa jambo hilo vizuri mno. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo Malakisi na kuwaua 11, dini ikapigwa marufuku, na Masinde akapelekwa kizuizini Lamu hadi 1961. Hakuna serikali inayowapiga watu risasi kwa sababu ya mlima ambao hauwahusu. Hata wageni makini waliona. Carl Jung alipokaa chini ya Elgon msimu wa 1925 kuingia 1926, alieleza jinsi watu walivyotoka vibandani alfajiri, wakatemea mate viganjani, kisha wakavielekeza kwenye jua linalochomoza. Huko ni kutazama, tena kutazama kwa saa maalumu, wakati ambapo kilele bado ki wazi, kabla mawingu ya mchana hayajakifunika.

Majira ndiyo sehemu ya hoja hii inayosahaulika kuliko zote. Wauzaji wa utalii huhimiza Desemba hadi Februari, kwa sababu njia za mlimani ni kavu. Wako sahihi kwa mwenye kupanda mlima. Lakini kalenda ya wenyeji wa Bungoma ina kilele kingine: Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, wakati wa tohara. Mapokeo ya Kibukusu yanamtaja Mango, aliyemuua nyoka mkubwa pangoni kisha akatahiriwa kama alivyotahiriwa jirani zake Wasabaot, na kwa hiyo hata sherehe hii imetia mizizi yake kwenye miamba ya hapa. Mvua iliyoanza Machi imekwisha kuivisha mahindi ya sehemu za chini, wimbi la pombe lipo, na barabara za Kimilili, Chwele na Sirisia hujaa wavulana wanaopiga njuga za chinyimba wakienda kuwaalika wajomba na mashangazi. Siku yenyewe mtahiriwa hupelekwa mtoni kabla ya mapambazuko, hupakwa tope baridi mwili mzima, hubandikwa jani la nyasi utosini, kisha hukimbia pamoja na umati mpaka uwanjani kwa baba yake na kusimama bila kupepesa. Mto, tope, nyasi, baridi ya alfajiri ya Agosti: ukiviondoa kimoja kimoja hakuna sherehe, na ukiiondoa sherehe, mto ule ni mto kama mingine.

Je, kuyataja haya kama kivutio si kuuza utu wa watoto? Ni hofu ya haki, na mfano wa ng'ambo ya mpaka unaipa nguvu na kuipunguza kwa wakati mmoja. Uganda huzindua imbalu, yaani tohara ya Wagisu, hadharani katika viwanja vya Mutoto, Mbale, mbele ya viongozi na watalii, na malalamiko kwamba siasa imeingilia hayakosi. Hata hivyo tohara ya upande wowote wa mlima haikuwahi kuwa siri. Umati ndio unaomshuhudia kijana. Bila mashahidi, ujasiri wake haujathibitika. Kilicho cha ndani, yaani mafunzo ya baadaye ya waliotahiriwa, kibaki ndani, na kamera isifike huko. Mgeni aliyealikwa na familia hatofautiani sana na jirani. Tofauti inakuja pale mtu asiye mwenyeji anapokuwa ndiye mwenye tiketi.

Kwamba mandhari na wenyeji wake havitengani, Wajapani wamelitambua kwa namna inayofaa kuigwa. Mlima Fuji ulipoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2013, uliingizwa kama mahali patakatifu na chemchemi ya sanaa, kwa hiyo ni urithi wa utamaduni na wala si wa maumbile. Vijiji vya Shirakawa-go na Gokayama, vilivyoorodheshwa 1995, hutembelewa kwa ajili ya mapaa yake marefu ya nyasi yaliyofunikwa na theluji, na bado watu wanaishi chini ya mapaa hayo na kuyaezeka upya kwa ujirani. Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Misitu ya kaya za Wamijikenda pwani iliorodheshwa 2008 kwa sababu ya wazee wanaoitunza. Elgon upande wa Kenya imeitwa hifadhi ya bayosfia tangu 2003, heshima ya kweli, ila ni heshima iliyotolewa zaidi kwa miti na wanyama.

Baada ya hukumu ya Chepkitale mpanda mlima anayepitia Kapsokwony anakanyaga ardhi yenye mwenyewe anayetambuliwa na sheria. Kwa hiyo swali la ada, la kiongozi wa njia, na la maneno yatakayoandikwa kwenye kibao limebadilika mikononi mwa kaunti ya Bungoma, ipende isipende. Inaweza kuendelea kuchapisha picha za nyika isiyo na mtu. Inaweza pia kumwacha mfugaji aliyekulia pale aeleze kwa nini uwanda huu una nyasi na ule una vichaka, na babu zake walilaza ng'ombe pango gani mvua ilipozidi.