Kompaila iliyogoma kujijenga

Leo naweka kando Maji Maji na Mkutano wa Berlin. Nawaletea historia ya kitu ambacho sisi wa ualimu hatukigusi kabisa: kompaila, yaani ile programu inayogeuza maneno aliyoandika mtu yawe maelekezo ya mashine. Sasa jiulize, kompaila nayo si ni programu? Nani anaigeuza yenyewe?

Inajigeuza. Tim Hart na Mike Levin wa MIT walilifanya hilo mwaka 1962 kwa kompaila ya lugha ya Lisp. Baadaye ikaja GCC, aliyoitoa Richard Stallman mwaka 1987, ikaufanya mchezo huo kuwa mtihani. Kompaila ya zamani iliyomo kwenye mashine inajenga mpya ya kwanza, kwa kawaida bila uboreshaji. Ya kwanza inajenga ya pili, safari hii uboreshaji umewashwa kwa alama ya -O2. Ya pili inajenga ya tatu. Halafu mafaili ya hizo mbili za mwisho yanalinganishwa. Yakitofautiana, kuna kitu kimeoza. Huo si mtihani wa kuingia na kibomu, bwana!

Balaa huanzia hapo kwenye ya pili. Kwa mashine za aina mpya, mara nyingi kompaila hujengewa kwanza kwenye mashine nyingine ndo inahamishiwa. Inafanya kazi vizuri tu. Ukiiambia ijijenge hapo hapo na -O2, inaanguka chali.

Kishawishi cha kwanza ni kuzima -O2. Kweli inapita, lakini hujajua kitu. Hapa nakumbuka serikali yetu: kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya kazi ya mahesabu ya serikali kwenda mrama, uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Fedha za kigeni zilikuwa za kubana, siwalaumu sana. Ila kuzima si kutafuta.

Na kasi yenyewe si pambo. Timu ya John Backus ya IBM, ilipotoa FORTRAN mwaka 1957, ilijua kwamba kama programu zitakwenda polepole kuliko zilizoandikwa kwa mkono, hakuna fundi atakayeigusa. Uboreshaji ulikuwemo tangu mwanzo.

Basi unatafutaje? Watu wa Bomang'ombe na wa huko juu mlimani hii mnaijua bila kusomea. Maji yametoka tele kwenye banio, shambani hayafiki. Hutembei mfereji wote hatua kwa hatua. Unakwenda katikati, unachungulia. Yapo? Basi yanapotelea chini. Hayapo? Juu. Unagawa tena, na tena. Kwa kompaila unajenga nusu ya mafaili na -O2 na nusu bila, unaona kama inaanguka, unagawa hadi ubaki na faili moja, kisha fankisheni moja. Mafaili 1,000 yanakwisha kwa majaribio kama 10 hivi, ikiwa mkosaji ni mmoja.

Ukimpata, ndo ugomvi unaanza. Ama uboreshaji umekosea kweli, ama aliyeandika alivunja sheria za lugha siku nyingi, bahati ikamficha. Julai 1999, GCC 2.95 ilianza kuamini, kila -O2 inapowashwa, sheria moja ya lugha ya C: kwamba data ya aina moja haiguswi kwa kupitia kielekezi cha aina nyingine, ukiacha ruhusa chache. Programu zilizokuwa zikienda miaka na miaka zikaanza kutoa majibu ya ajabu. Kelele! Toleo la 2.95.2 likaizima imani hiyo, kisha 3.0 ya mwaka 2001 ikairudisha.

Kwa maoni yangu watu wa GCC walikuwa sahihi kwa kitabu. Lakini sheria ambayo karibu kila fundi ameivunja bila kujua, na kompaila haikuwahi kumkemea, hiyo unaidai kwa taratibu, huamki siku moja ukaanza kuchapa watu. Wale wa Linux hawakukubali mpaka kesho: kiini chake bado kinajengwa na -O2, na pembeni yake kuna -fno-strict-aliasing, yaani sheria ile tuwekeeni kando.