Kutotengana kwa Kromosomu: Hitilafu, Si Kosa

Seli ya mwanadamu ina kromosomu 46, yaani jozi 23. Yai au mbegu ya kiume inapoundwa, kila jozi hutengana, moja huku na nyingine kule, zikabaki 23. Pengine jozi moja haitengani: yai likachukua zote mbili, na likirutubishwa, mimba ikawa na tatu. Calvin Bridges alithibitisha jambo hili kwa nzi wa matunda mwaka 1916. Mwaka 1959, Lejeune, Gautier na Turpin walionyesha mjini Paris kwamba mwenye sindromu ya Down ana kromosomu ya 21 ya ziada, jumla 47. Tuliite nini kwa Kiswahili? Naona “kutotengana” ndilo jina lake, nalo liwekwe chini ya “hitilafu”, wala si “kosa”.

Ushahidi umo katika lugha yenyewe. “Kosa” limezaa “mkosaji”, na jirani yake ni “mkosi”. Atamkaye neno hilo ameshaanza kumtafuta mwenye hatia. “Hitilafu” haina mkosaji: ikitokea hitilafu ya umeme Diani, hakuna aulizaye nani ametenda dhambi. Huko Kwale, ambako Kidigo na Kiduruma ni lugha za nyumbani, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha mzazi na mhudumu wa afya. Mama aliyejifungua Msambweni akiambiwa “kulikuwa na kosa”, atauliza: la nani? Kitenzi nacho kina uzito. “Kutenganishwa” humdai mtendaji, ilhali “kutengana” huzitaja kromosomu zenyewe, ambazo ndizo zilizopaswa kuachana.

Atapinga mtu kuwa “kosa” ni istilahi tu, muktadha utaifafanua. Darasani, sawa, lakini mzazi hupokea neno kabla ya somo. Mwingine atasema umri wa mama huongeza uwezekano wa kutotengana, basi naye ana sehemu yake. Ni kweli umri huongeza. Lakini mayai huanza kugawanyika mama mwenyewe akiwa bado tumboni, kisha husimama kwa miaka mingi, na protini zinazoshikilia jozi hulegea. Kuzidi umri si tendo la kulaumiwa, na akina mama vijana pia huzaa watoto wenye sindromu ya Down. Basi walimu, wafasiri na wauguzi, tuseme lililotukia: jozi ya 21 haikutengana. Hapo mzazi atakuwa ameelezwa, hajahukumiwa.