Matao ya Tottenham Court Road

Abiria wa kituo cha Tottenham Court Road, London, huwa na haraka, lakini kuta anazozipita zina historia. London Transport ilimwagiza Eduardo Paolozzi, msanii aliyezaliwa Leith, Scotland, mwaka 1924 kwa wazazi wa Kiitaliano, azipambe kwa vijiwe vya kioo vya rangi. Kazi ilikamilika katikati ya miaka ya 1980. Hakuchora wafalme wala vita. Alichora mtaa ulioko juu ya kichwa cha abiria: saksafoni kwa sababu ya maduka ya muziki, kamera kwa sababu ya maduka ya vifaa vya umeme, na sura za kale kwa sababu British Museum iko jirani.

Miaka thelathini baadaye kituo kilizidiwa na watu, na reli mpya, ambayo leo ni Elizabeth line, ilikuwa inachimbwa. Mwaka 2015 matao yaliyokuwa juu ya ngazi za umeme yalivunjwa, ingawa maelfu walitia saini kupinga. Hapa ndipo penye ugumu wa kuagiza sanaa ya kituo: vijiwe vilishikamana na jengo lenyewe, na jengo likipanuliwa, picha haina pa kwenda. Sehemu kubwa ilibaki, ndiyo. Ukumbi mpya ulipewa kazi ya Mfaransa Daniel Buren, maduara na maumbo ya almasi, iliyozinduliwa mwaka 2017. Inapendeza, ila kwa maoni yangu ingefaa kituo cha mji wowote. Ya Paolozzi isingefaa kwingine.

Mabaki ya matao yalipelekwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, katika mji aliosomea Paolozzi. Yalifika yakiwa mamia ya vipande.