Ua la Pareto na Ardhi ya Milima ya Volkano

Dawa za wadudu zitokanazo na mimea husifiwa kwa kutokuwa na madhara makubwa. Insha hii inaonyesha kwamba nchini Rwanda dawa ya namna hiyo ilikuwa na gharama yake, nayo ilikuwa ardhi.

Pareto ni ua jeupe lenye asili ya Dalmatia, Ulaya. Hustawi penye baridi na udongo wa volkano, na wakati wa ukoloni wa Kibelgiji lililetwa kaskazini mwa Rwanda. Maua yakikaushwa na kusagwa, hukamuliwa pirethrini, sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu ya mdudu kisha kuharibika upesi ikipigwa na jua.

Mwaka 1939 Paul Müller aligundua kwamba DDT huua wadudu. Ilikuwa rahisi, lakini ilidumu mno ardhini, na mwaka 1962 kitabu cha Rachel Carson, *Silent Spring*, kiliwazindua wengi. Miaka michache baadaye, mwaka 1969, serikali ya Rwanda, kwa msaada wa fedha kutoka Ulaya, ilimega takriban hekta 10,000 za Hifadhi ya Taifa ya Volkano ili pareto ipandwe. Msitu ulifyekwa na familia zikapewa mashamba kwa sharti la kulima ua hilo. Kwa wasio na ardhi, hiyo ilikuwa riziki. Kwa sokwe wa milimani, ambao Dian Fossey alikuwa akiwachunguza huko Karisoke tangu mwaka 1967, makazi yalipungua.

Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake nchini Uingereza walitangaza permethrini, dawa ya viwandani iliyoiga pirethrini lakini ikastahimili jua. Pareto ikapata mshindani mkubwa. Kiwanda cha Musanze kinanunua maua hadi leo, ila sehemu kubwa ya ardhi ile sasa ni mashamba ya viazi.

Msitu haukurudi. Leo serikali inakusudia kuipanua hifadhi kwa takriban asilimia 23, na baadhi ya familia zitalazimika kuhama.

Kwa kumalizia, tunaponunua dawa ya asili hapa Kigali, haitoshi kuuliza kama ni salama kwa watoto wetu. Tuulize pia shamba lake lilipatikana vipi, na ni nani atakayedaiwa ardhi hiyo siku za usoni.