Kujitolea ukiwa mgeni mjini: pa kuanzia

Goma, Bukavu, Bunia, Lubumbashi: kila mwaka miji yetu inapokea watu wapya. Wengine wamefuata masomo au kazi, wengine wamekimbia vita na sufuria kichwani. Kanisani wote huitwa wageni, na jina hilo lina shida yake, kwa sababu mgeni huhesabiwa kuwa mtu wa kupewa tu. Mwalimu aliyefundisha kijijini miaka mingi, muuguzi, mama aliyeongoza kikundi cha kushona, wote huandikwa kwenye orodha ya msaada, na ni nadra mtu kuwauliza wanajua kufanya nini. Tunawaandikia hao, na wachungaji wanaowapokea.

Tuanze na barua. Ndani ya Kanisa la Kristo katika Kongo (ECC) kila jumuiya ina namba yake: ya 3 ni CBCA, ya 5 ni CELPA, ya 8 ni CEPAC, na nyingine nyingi. Ukihama mbali, huenda usiikute jumuiya yako karibu na nyumba. Barua ya mchungaji wako inayotaja huduma uliyofanya itakufungulia mlango hata katika jumuiya nyingine. Aliyekimbia bila karatasi amwombe mchungaji mpya ampigie simu yule wa zamani.

Wengi huingia kwaya kwanza. Ni vizuri, lakini kwaya haikosi watu. Panapokosa watu ni diakonia, hasa kutembelea wagonjwa. Hospitali nyingi kwetu haziwapikii wagonjwa. Chakula huletwa na ndugu anayemlinda mgonjwa. Asiye na ndugu mjini hulala na njaa, na aliyepona akashindwa kulipa faktire anaweza kuzuiliwa pale pale wodini. Wamama wa kanisa huenda na uji, sabuni na maombi. Mtu mgeni anaweza kuungana nao wiki ile ile aliyofika, na anayejua lugha ya kijiji fulani huwa na faida kubwa kitandani pa mzee asiyesikia Kiswahili vizuri.

Nje ya kanisa, nenda kwenye kituo cha afya cha mtaa wako. Nchi ina zoni za afya 519, na katika kila mtaa kuna wajitoleaji wanaoitwa reko, wanaopita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo ya polio au kueleza namna ya kujikinga na kipindupindu. Huchaguliwa na wakaaji wenzao, kwa hiyo jitambulishe kwanza kwa shefu wa avenyu, kisha uwe na subira. Msalaba Mwekundu nao una kamati mijini, na huwafundisha wajitoleaji wake huduma ya kwanza. Kutoa damu hakuhitaji kujulikana na mtu: ukiwa na afya njema, umetimiza miaka 18 na uzito wa kilo 50, uliza hospitalini.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Ukiambiwa ulipe fedha za kuandikishwa ili ujitolee, au ukiahidiwa kwamba utaajiriwa na shirika baadaye, ondoka. Na kama kanisa halikupi watoto wa shule ya Jumapili mara moja, usichukie. Linafanya vema kukufahamu kwanza, na kanisa linalomkabidhi watoto mtu ambaye hakuna anayemjua ndilo la kuogopa.

Usiahidi mengi. Mama anayeuza makala asubuhi hadi jioni ili apate kodi ya nyumba hana siku tatu za kutoa. Saa mbili za kila Jumatano zinatosha, mradi aje kila Jumatano. Nehemia alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, akazunguka ukuta usiku, kabla ya kuwaambia wakubwa wa mji alichokusudia. Nasi tunashauri hivyo hivyo: tazama kwanza nani anabeba kazi tayari, umwulize anachoka wapi.

Kwa wachungaji: Jumapili, baada ya wageni kusimama na kusalimiwa, katibu huandika jina, avenyu na namba ya simu. Ongezeni mstari mmoja, “Anaweza kutusaidia nini?”, na orodha hiyo ifike kwa mkuu wa diakonia kabla ya Jumatano.