Hukumu ya Sikio: Wasikilizaji wa Madibira na Fasiri ya Sonata

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna msikilizaji anavyothamini fasiri ya mpiga piano, yaani jinsi mpigaji anavyoielewa sonata na kuitoa kwa mikono yake. Inadai kwamba uthamini huo ni hukumu inayoweza kutolewa sababu, na kwamba uwezo wa kuitoa hujengwa kwa kusikia kazi moja ikipita katika mikono mingi. Kwa kuangalia historia ya muziki wa kanisa huko Madibira na Nyanda za Juu Kusini, inaonyesha kuwa msikilizaji wa huko anao uwezo huo tayari, ingawa piano yenyewe haikumfikia. Mwisho inapendekeza namna ya kufundisha usikilizaji wa sonata kwa Kiswahili.

Utangulizi

Madibira iko Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, upande unaopakana na Iringa, na wengi huifahamu kwa mpunga unaomwagiliwa kwa maji ya Mto Ndembera. Lakini ni pia kituo cha zamani cha misheni. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia kutoka Ujerumani walifika huko mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wamisionari wa Konsolata kutoka Italia walishika kazi katika eneo la Iringa. Palipo na parokia kongwe ya aina hii pana kwaya, pana mwalimu wa kwaya, pana mpiga kinanda, na pana waumini ambao tangu utotoni wamesikia nyimbo zilezile zikiimbwa na watu tofauti.

Je, msikilizaji aliyelelewa hivi anaweza kuhukumu fasiri ya sonata ya Beethoven? Majibu mawili husikika mara kwa mara. La kwanza husema hawezi, kwa kuwa muziki huo una wenyewe na haueleweki kwa asiyekulia ndani yake. La pili husema anaweza, lakini kwa sababu dhaifu: kila mtu na ladha yake, hivyo hakuna cha kujua wala cha kukosea. Majibu haya yanaonekana kupingana, ila yana kosa moja. Yote mawili yanamnyima msikilizaji wa Madibira nafasi ya kutoa sababu. La kwanza linamnyamazisha, na la pili linampa ruhusa ya kusema bila kumtaka athibitishe.

Kilichoandikwa na kilichoachwa

Ili kuona fasiri ni nini, tuchukue kazi moja: Sonata Opus 27 namba 2 ya Ludwig van Beethoven, iliyotungwa mwaka 1801 na kuchapishwa mwaka 1802. Mwanzoni mwa sehemu ya kwanza mtunzi aliagiza kipande chote kipigwe kwa ulaini mkubwa na bila vizimio, yaani vile vipande vinavyogusa nyuzi za piano na kukata mtetemo wake. Kwa piano ya siku zake agizo hilo lilitekelezeka kwa urahisi, kwa sababu sauti ya nyuzi ilififia mapema. Piano ya leo ina nyuzi nzito zilizovutwa kwenye fremu ya chuma, na sauti yake hudumu. Mpigaji akishikilia pedali inayoinua vizimio tangu mwanzo hadi mwisho, sauti za maafikiano (sauti zinazopigwa pamoja) yaliyopita huingiliana na yanayofuata.

Hapo ndipo mpigaji analazimika kuamua. Akilitii andiko neno kwa neno, atatoa sauti ambayo pengine Beethoven hakuisikia. Akibadilisha pedali kila maafikiano yanapobadilika, atapata usafi, lakini atakuwa ameacha agizo lililo wazi. András Schiff, mpiga piano mzaliwa wa Hungaria, aliitetea njia ya utiifu katika mihadhara yake ya London kuhusu sonata zote 32. Aliongeza jambo la pili: alama ya mizani iliyoandikwa inataka mapigo mawili katika kila kipimo, si manne, hivyo mwendo unapaswa kutiririka kuliko ilivyozoeleka.

Mazoea ya kuipiga polepole yanahusiana pia na wasikilizaji. Jina la Sonata ya Mbalamwezi halikutoka kwa Beethoven. Liliibuka baada ya kifo chake cha mwaka 1827, kutokana na maelezo ya mchambuzi wa Kijerumani Ludwig Rellstab, aliyeifananisha sehemu ya kwanza na mwanga wa mwezi juu ya ziwa. Tangu hapo vizazi vya wasikilizaji vimekuja ukumbini vikiutarajia mwezi, na wapigaji wengi wamewapa. Kumbe msikilizaji hapokei fasiri tu. Matarajio yake huingia katika mkono wa mpigaji. Ndiyo maana ubora wa usikilizaji si jambo la anasa. Wasikilizaji wakiridhika na mazoea, wapigaji hupoteza sababu ya kuyahoji.

Kwa nini kinanda kilifika na piano ikabaki

Kama sikio la Nyanda za Juu Kusini halikuzoea piano, sababu yake ni ya kihistoria na inajulikana. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius wa Kumi alitoa waraka kuhusu muziki mtakatifu. Waraka huo ulipiga marufuku piano kanisani, na katika kifungu hichohicho ukapiga marufuku ngoma na ala nyingine zilizohesabiwa kuwa za kelele. Kwa hiyo ala ya Mjerumani na ala ya Mhehe wa Iringa zilifungiwa mlango kwa sheria moja. Kilichobaki ni ogani, na kwa misheni za mbali ogani ilimaanisha harmoniamu: kinanda kidogo kinachovutwa pumzi na mivukuto inayokanyagwa kwa miguu.

Tofauti ya ala hizi mbili ni kubwa kwa sikio. Katika harmoniamu sauti hudumu maadamu kidole kimebaki mahali pake na upepo upo, na kubonyeza kwa nguvu hakuongezi chochote. Katika piano kinyundo hupiga uzi, na papo hapo sauti huanza kufa. Mpiga piano hutawala uzito wa pigo na wakati wa pigo linalofuata, na kwa njia hizo hutufanya tusikie wimbo unaoimba mahali penye mfululizo wa sauti zinazofifia. Aliyezoea kinanda cha kanisani anahitaji kuelekezwa asikilize kufifia huko. Huo ni upungufu wa mazoea ya ala moja, na hurekebishika. Hauthibitishi kuwa sikio lenyewe halina elimu.

Marufuku ya ngoma ilipoteza nguvu Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake ya liturujia mwezi Desemba 1963, ikitaka mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misheni yaheshimiwe. Mwaka huohuo Padri Stephen Mbunga, aliyetoka upande wa Peramiho, alichapisha kitabu chake kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Ngoma iliingia kanisani kwa hoja za wasomi na kwa mikono ya waumini. Piano haikupata mtetezi wa namna hiyo, wala haikuwa na sababu ya kumpata: ni ghali, ni nzito, na huharibika tuni kwa joto na unyevu.

Sikio lililozoea kulinganisha

Tazama sasa kile ambacho kwaya imefundisha. Nyimbo nyingi za kwaya Tanzania husambaa kwa nota za solfa, mfumo uliokuzwa Uingereza na John Curwen katikati ya karne ya 19 na kuenezwa Afrika na wamisionari na shule. Karatasi hueleza urefu na kimo cha kila sauti kwa soprano, alto, tena na besi. Kuhusu mwendo, nguvu, pumzi na uzito wa neno, mara nyingi husema machache. Mwalimu wa kwaya hujaza pengo hilo. Anaamua wapi besi ijitokeze, wapi kiitikio kilegezwe, na kinanda kinyamaze lini. Hiyo ndiyo kazi aifanyayo mpiga piano mbele ya Opus 27.

Na waumini hulinganisha. Wimbo uleule huimbwa na kwaya ya vijana wiki hii na kwaya ya wazee wiki ijayo, kisha husikika redioni ukiimbwa na kwaya ya jimbo jingine. Nje ya kanisa maoni hutolewa bila kuombwa: hawa wanaukimbiza wimbo, tena wamepanda mno, kinanda kimewafunika, safari hii maneno yamesikika. Kila kauli kati ya hizo inataja kipengele cha fasiri, na kila moja yaweza kubishiwa kwa kurudi kwenye wimbo wenyewe. Hapo nadharia ya kila mtu na ladha yake inaanguka. Anayesema wimbo umekimbizwa yuko tayari kuonyesha ni maneno gani yamemezwa.

Tabia hii haikuanza na wamisionari. Wahehe wana ligombo, ala ya nyuzi zilizovutwa juu ya ubao uliochongwa mvungu, ambayo mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliirekodi mwaka 1950. Pwani nako msikilizaji wa taarabu aliyeujua wimbo wa Muhogo wa Jang'ombe katika mapokeo ya Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928, aliusikia upya kwa sauti nzito ya Bi Kidude na kujua kilichobadilika. Ulaya yenyewe ilipata nafasi pana ya kulinganisha sonata baada ya santuri kuenea. Mpiga piano Artur Schnabel alikuwa wa kwanza kurekodi sonata zote 32 za Beethoven, kati ya 1932 na 1935, na tangu hapo kila mpigaji husikilizwa sambamba na waliomtangulia.

Pale maneno yanapokosekana

Pingamizi zito ni hili: mwanakwaya na msikilizaji wake huhukumu kwa msaada wa maneno. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na wimbo ukikaza pasipo, hata mtoto husikia kasoro. Sonata haina maneno. Msikilizaji atashika nini?

Atashika mpango wa kazi. Sehemu ya mwisho ya Opus 27 namba 2 ni dhoruba. Inaweka wazo, inaleta la pili, inayapambanisha yote, kisha inarudi kwenye ufunguo wa nyumbani. Sonata nzima huchukua takriban dakika 15, na uzito wa dhoruba hiyo unategemea mpigaji alitunza nguvu kiasi gani katika sehemu mbili za kwanza. Aliyeanza kwa sauti kubwa hana pa kupanda. Mtu aliyewahi kusikia kwaya ikimaliza nguvu zake katika ubeti wa kwanza anaielewa hoja hii mara moja. Kutokuwepo kwa maneno kunaongeza ugumu wa usikilizaji, lakini misingi ya hukumu inabaki ileile: uwiano, mwendo, uwazi na uaminifu kwa andiko.

Vigelegele na ukimya

Wapo wanaodhani kwamba ukimya wa ukumbini ndio alama ya kuelewa, na kwamba vigelegele vya kanisani ni ushahidi wa kinyume chake. Historia haiwaungi mkono. Mwezi Julai 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris akifurahia kwamba hadhira ilipiga makofi katikati ya simfonia yake, mahali alipokusudia iguswe. Ukimya mpaka mwisho ni desturi iliyoota mizizi Ulaya katika karne ya 19. Inafaa kwa muziki unaofifia hadi kwenye mnong'ono, na inafaa ifuatwe piano inapopigwa. Hata hivyo, cha kuzingatia ni mahali mwitikio unapotokea. Kigelegele kinachopigwa pale hasa sauti nne zinapokutana baada ya kuachana ni hukumu sahihi iliyotolewa kwa wakati wake.

Hitimisho

Ikiwa hoja hii ina uzito, mafunzo ya kusikiliza sonata kwa Kiswahili yabadilishe mwanzo wake. Kwa kawaida mwanafunzi huanzishwa na wasifu wa mtunzi na orodha ya istilahi, kisha husikilizishwa rekodi moja, ambayo hana cha kuilinganisha nayo. Aanze na wimbo wa kwaya anaoufahamu katika fasiri mbili, aseme ipi bora na kwa nini, mahali kwa mahali. Kisha apewe sehemu ya kwanza ya Opus 27 namba 2 kutoka kwa wapigaji wawili wanaotofautiana kuhusu pedali na mwendo, aulizwe swali lilelile. Simu na spika vinatosha kwa kazi hiyo, na darasa la parokia au la sekondari laweza kuifanya kabla piano haijapatikana. Wachambuzi wetu nao waandike juu ya fasiri za kwaya kwa makini yaleyale yanayotolewa kwa riwaya na ushairi, ili lugha ya hukumu iliyo hai nje ya kanisa iingie katika taaluma. Sikio la Madibira limekuwa likifanya kazi hii kwa zaidi ya karne moja, na linastahili kuulizwa maoni yake kuhusu Beethoven pia.