Binti Nani?

Siti binti Saad hakuzaliwa Siti. Alizaliwa Fumba, kusini mwa kisiwa cha Unguja, katika miaka ya 1880, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Baba yake alikuwa na asili ya Kinyamwezi, mama yake ya Kizigua. Alihamia mjini mwaka 1911, mwanamke mzima aliyekuwa amezoea kuuza vyungu, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Kufikia hapo wasikilizaji wa pwani yote walimjua kwa jina jingine: Siti, yaani bibi mwenye heshima zake.

Nimekuwa nikilifikiria badiliko hilo kwa sababu ya mtoto ambaye hayupo. Pembeni mwa tasnifu yangu ya uzamili ninaandika hadithi fupi, na ndani yake kuna mtoto wa kike aliyezaliwa Ng'ambo, ng'ambo ya Mji Mkongwe, mwaka 1908. Mama yake, Zafarani, na baba yake, Feruzi, walikuwa watumwa katika shamba la karafuu. Zafarani anataka jambo moja: mtoto wake akiitwa mtaani, jina lisikike la kiungwana. Amwite nani?

Mwandishi wa leo anaweza kukimbilia vito na manukato. Almasi, Yakuti, Marijani, Ambari: kwa masikio yetu haya ni majina ya watu waliozaliwa juu ya zulia. Lakini kwa karne nyingi, katika nchi za Kiislamu, hayo ndiyo majina yaliyobandikwa watumwa. Kafur, aliyeitawala Misri hadi alipofariki mwaka 968, aliitwa kwa jina la kafuri kwa sababu aliingia nchini humo akiwa mtumwa. Malik Ambar, Mhabeshi aliyekuja kuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote katika dola ya Ahmadnagar huko India, na aliyefariki mwaka 1626, alibeba jina la ambari hadi mwisho wa maisha yake. Bwana alimpa mtumwa jina kama mtu anavyokitaja kitu kizuri alichokiweka nyumbani. Ndiyo maana wazazi wa mtoto wangu wanaitwa zafarani na feruzi.

Kundi la pili lilikuwa la majina ya heri: Mabruki, Baraka, Faraji, Bahati. Yanasikika kama dua, na ni dua kweli, ila heri iliyoombwa ilikuwa ya mwenye nyumba. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa hadi India, na baadaye akawaongoza Burton, Speke na Stanley katika safari zao za bara, ana vyote viwili ndani ya jina lake: baraka, na mji. Jina aliloitwa na mama yake huko Uyaoni silo lililoingia katika vitabu vya wasafiri hao.

Basi wakubwa waliitwaje? Hapa ndipo mtafiti anaposhangaa. Wasome masultani wa Unguja wa karne ya 19 baada ya Sayyid Said: Majid, Barghash, Khalifa, Ali, Hamad, Hamoud. Ukiacha Barghash, ni majina ambayo ungeweza kuyasikia kwa mvuvi au fundi seremala. Ukubwa haukukaa kwenye jina la kwanza. Ulikaa mkiani. Said alikuwa Said bin Sultan bin Ahmad bin Said el-Busaidi, na hapo katikati "Sultan" si cheo, ni jina la baba yake. Kila "bin" ni ngazi moja ya kurudi nyuma, na mwishoni kuna nisba, mlango wa ukoo. Muungwana ni mtu ambaye ngazi zake zinahesabika.

Mtumwa hakuwa na ngazi. Akitaka kutajwa kwa ukamilifu, mara nyingi alitajwa kwa bwana wake: Mabruki wa fulani. Neno "bin" linasema nimezaliwa na nani. Neno "wa" linasema mimi ni mali ya nani. Katika Kiswahili tofauti hiyo ni silabi moja tu, na watu walitumia maisha yao kuivuka.

Mambo haya yote mawili yaliweza kuishi chini ya paa moja. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa mwaka 1844, alikuwa na nasaba nzima ya baba yake, kwa sababu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba alihesabiwa huru na mwenye ukoo. Mama yake, suria wa Kicherkasi aliyeletwa kutoka mbali akiwa mtoto, alibaki na jina moja tu: Jilfidan. Binti alirithi ngazi ambazo mama hakuwa nazo.

Sheria ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyotolewa na Sultan Hamoud bin Mohammed chini ya shinikizo la Waingereza, iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Haikumwacha mtu huru asubuhi ya kesho yake. Ilimpasa aende mwenyewe kudai uhuru wake, na aonyeshe kwamba ana mahali pa kukaa na njia ya kujipatia riziki. Masuria waliachwa nje hadi mwaka 1909. Bwana alilipwa fidia. Mtumwa hakulipwa chochote.

Kilichofuata ni kazi ambayo serikali haikuweza kumfanyia mtu: kujitengeneza muungwana. Wanawake waliweka kando kaniki, vazi lililojulikana kuwa la watumwa, wakavaa kanga zenye rangi. Watu walijenga Ng'ambo, wakasoma Kurani, wakaingia katika ngoma na vyama. Hata kabila lilijibiwa upya. Kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya waliojiandikisha kama Waswahili Unguja ilishuka mno, kwani kufikia wakati huo neno hilo lilikuwa linanuka utumwa; wengi walichagua kujiita kwa namna nyingine.

Na jina? Njia iliyo wazi mbele ya Zafarani ni Abdallah. Tangu zamani, katika Uislamu, mtu ambaye baba yake hatajwi au hakuwa Mwislamu aliweza kuitwa bin Abdallah, mwana wa mja wa Mungu. Ni njia ya heshima, na ina ukweli wake, kwa kuwa mbele ya Mungu kila baba ni mja. Binti Abdallah angepita mtaani bila mtu kugeuka. Lakini Feruzi yu hai. Anachota maji, anabeba mizigo bandarini, jioni anampakata mtoto. Gharama ya jina safi ni kumfuta yeye.

Hapo namrudia Siti. Aliliacha jina la Mtumwa, lakini hakuliacha la Saad. Hakujipachika nisba, hakujitafutia ukoo wa Oman wala wa Shirazi. Sehemu ya kwanza ya jina lake ilipanda ikafika juu kabisa, ya pili ikabaki pale pale ilipokuwa, ikimtaja mtu wa bara ambaye historia isingemkumbuka bila binti yake. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Naona la Siti liling'ara likiwa na giza lake ndani.

Nimeamua hivi. Mtoto alizaliwa Ijumaa, na kwa mtumwa hiyo ingetosha kumwita Juma. Zafarani ataweka mbele neno ambalo Lamu na Pate lilitangulia majina ya mabibi wakubwa, kama alivyoitwa Mwana Kupona: ataitwa Mwanajuma. Nyuma atamwachia baba yake. Mwanajuma binti Feruzi. Mwenye duka atakayeuliza "binti nani?" atalisikia la kwanza akainua kichwa, atalisikia la pili akajua yote. Mtoto atasimama hapo hapo mbele ya mizani, na senti zake mkononi, akisubiri apimiwe sukari.